Wapagazi wa Udongo

Kaporali alikuja kwangu Jumapili baada ya misa, medali zake mbili kifuani na mfuko wa vitambaa vya kaki mkononi. Hakukaa. Alisema anahitaji nguo za maaskari sitini kabla ya sikukuu ya parokia, na kila askari alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati.

"Nasikia weye njo unashona muzuri kupita bamama bote ba Kadutu," akasema.

"Nani alisema?"

"Masista."

Hapo akanipata, maana nilikuwa mtu wa kupenda sifa, na mpaka leo sijapona. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, watoto wawili, na cheti cha fwaye, ile shule ya masista iliyowafundisha wake za watu kushona, kufua na kupiga pasi. Nilikuwa nimeshona mapazia ya nusu ya Bukavu. Lakini suruali ya askari wa kidole kimoja nilikuwa sijawahi kuiona, sembuse kuishona. Nikasema ndiyo.

Mambo yalikuwa hivi. Wazee waliopigana vita vya kwanza, vile vya Wabelgiji na Wajerumani, walikuwa wanavijenga upya vita vyao juu ya meza, ndani ya ukumbi wa parokia. Walikuwa wamebaki wachache, na walitaka watu waone namna walivyovuka Ruzizi wakiwa vijana, wakapita Rwanda, wakatembea mpaka Tabora. Meza ilikuwa pana kama vitanda viwili. Milima waliifinyanga kwa udongo na mawe. Misitu ilikuwa yale majani laini yanayoota juu ya mawe yenye unyevu, na mto ulikuwa vipande vya kioo kilichovunjika. Kaporali ndiye alikuwa mkubwa wao. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji ya kunywa.

Kazi ile ilinitesa na nikaipenda vibaya. Cherehani haikufaa kitu, kila kitu kilikuwa cha sindano. Pale ambapo sindano ilikuwa nene mno, nilitumia gundi ya unga wa mihogo. Kofia nyekundu nilizikata kwenye kipande cha koti nililolinunua sokoni Nyawera. Vitambaa vya kuzungushia miguu nilivitoa kwenye bendeji, nikavichovya ndani ya chai kali mpaka vikapata rangi ya vumbi. Kaporali alivikagua kwa miwani, kisha akanifungulisha askari kumi na wanne.

"Inaanziaka chini, mama, pa kifundo. Ukianzia juu, mvua inaingia ndani."

Nilifungua wote kumi na wanne, huku nikimtukana moyoni. Lakini alisema kweli, na kazi ya namna ile haina maana kama si ya kweli.

Siku moja nilikuwa ukumbini, navalisha, nikainua kichwa kupumzisha shingo, nikaitazama meza nzima. Niliona maaskari wanapanda mlima, maofisa wanaonyesha kidole, na mzinga mzuri wa mbao, kazi ya fundi, umesimama kileleni juu ya magurudumu yake. Sikuona mtu hata mmoja mwenye mzigo.

Lazima niseme habari za baba yangu. Alikuwa anaishi kwangu tangu mama alipofariki kijijini kwetu, Miti. Naye alienda Tabora. Walimkamata shambani akiwa kijana, wakampa sanduku la risasi, akatembea nalo huko na kurudi kwa miguu hiyo hiyo. Kila mwaka wazee wa Kaporali walipopita barabarani na medali zao, baba alikuwa anapata kazi ya ghafla nyuma ya nyumba, kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. Nilipomwuliza juu ya vita alijibu, "Miye nilikuwaka mupagazi tu," na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikua nikimwonea haya kwa ajili ya neno lile. Nasema ukweli wangu: si kwa ajili ya kazi yake, kwa ajili ya namna alivyolisema akitazama chini.

Basi nikamwuliza Kaporali, "Wapagazi wako wapi?"

"Meza iko ya vita, mama. Haiko ya mizigo."

"Na risasi zilitembea zenyewe mpaka Tabora?"

Akasema hiyo ni habari nyingine. Nikakasirika. Nilikusanya nguo zote ambazo nilikuwa sijazivalisha, suruali ishirini na mbili, nikazifunga ndani ya kitambaa changu cha kichwa. Nikamwambia maaskari wake wataenda Tabora wakiwa uchi, na padri mwenyewe atakuja kubariki matako yao.

Alilitazama furushi langu. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumsemesha hivyo tangu alipovua sare.

"Tengeneza hao bapagazi yako," akasema mwishoni. "Nitabaangalia mumoja mumoja. Nikikuta kitu kimoja ya bongo, yenye haikuwaka, ninatosha bote pa meza."

Nilikuwa na wiki tatu. Mama mmoja mfinyanzi alinifundisha kuchanganya udongo na vigae vilivyosagwa ili usipasuke, na nikachoma watu wangu juu ya mbabula, wanne wanne, katikati ya makaa. Nilifinyanga kumi na wawili wa kwanza kwa haraka na kwa furaha. Wameinama, kitunga mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Niliwapanga uani juu ya ubao, nikawaona wazuri, nikamwita baba.

Aliwatazama. Akachukua mmoja, akamgeuza.

"Umetufanya banamuke!" akasema. "Nani alikuambia tulibebaka vile?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimefinyanga nilichokijua. Hapa kwetu mzigo hubebwa na mama, mgongoni, kwa mkanda wa paji la uso. Mimi mwenyewe nilibeba kuni hivyo, na mama yangu, na kila mwanamke aliyeteremka kutoka Kabare na makaa. Mzigo kwangu ulikuwa na sura hiyo moja tu. Kaporali angewaona mara moja, na angewatupa wote kwa furaha kubwa.

"Hakuna mwenye aliniambia, Papa," nikajibu. "Weye hujaniambiaka kitu. Hata siku moja."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Jirani alichungulia. Baba akamrudisha yule mtu wa udongo kwenye ubao, akaingia ndani, nikajua nimeharibu kila kitu. Kumbe alikuwa anatafuta kitu kizito. Alitoka na cherehani yangu.

Alisokota ngata ya majani makavu, akaiweka utosini, akajitwika cherehani. Nilinyoosha mikono kuidaka, maana mashine ile ilikuwa ndiyo chakula cha nyumba. Akavuka uani. Baba yangu, mwenye mgongo uliomsumbua kila asubuhi, alitembea akiwa amenyooka, mkono mmoja juu, mwingine umeshika fimbo, macho hayaendi kulia wala kushoto.

"Unaangalia kisigino ya mwenzako wa mbele," akasema kutoka chini ya cherehani. "Njo barabara yako, ile kisigino. Andika."

"Siandiki, Papa. Ninafinyanga."

"Basi finyanga."

Tulifanya hivyo kila alasiri, wiki mbili. Alinionyesha namna shingo inavyokaza, namna goti linavyofunguka mtu anaposhuka kwenye matope. Alinionyesha mzinga: haukuwahi kutembea mzima, ulifunguliwa, bomba likafungwa kwenye mti mmoja juu ya mabega ya watu wanane, gurudumu moja kwa watu wanne. Alinitengenezea miti ya vijiti vya mianzi kwa kisu chake. Alitaka mmoja awe amekaa kando ya njia, hana mzigo. Huyo alikuwa kaka yake mkubwa, mtoto wa mama mmoja naye, aliyekaa chini kabla ya kufika Tabora na hakuinuka. Mpaka siku hiyo sikujua kwamba nilikuwa na baba mkubwa. Nililia, nikamfinyanga mara tatu mpaka baba akasema ndiye.

Tulipofika ukumbini na wapagazi arobaini ndani ya sinia, wamelala juu ya majani ya mgomba, Kaporali alivaa miwani. Baba alisimama nyuma yangu, kofia mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia pale wazee wale wakiwepo.

Kaporali alimchukua wa kwanza. Akatazama ngata, mkono, goti. Akamweka. Akamchukua wa pili. Alimaliza karibu sinia nzima hivyo hivyo, nami nilikuwa natoka jasho kama niliyepanda kutoka ziwani. Halafu akafika kwa wale wanane wenye mti mtupu juu ya mabega.

"Na hawa? Banabeba nini?"

"Muzinga," baba akasema.

"Muzinga iko pa mulima. Unaiona."

"Naiona. Ilipanda je?"

"Tuliipandisha."

"Weye ulikuwa unabeba nini, Kaporali?"

"Bunduki yangu."

"Na mkono ingine?"

Wazee wengine walikuwa wameacha kazi zao. Kaporali akavua miwani. Alimtazama baba, kwa kweli alimtazama, kuanzia utosini ambapo nywele zilikuwa zimekwisha mpaka kwenye miguu. Kisha akanyoosha mkono juu ya milima, akaushusha mzinga kutoka kileleni. Aliutenganisha mwenyewe, polepole, maana ulikuwa umegundishwa. Akanipa bomba, akanipa magurudumu.

"Funga, mama," akasema. "Njo vile ilikuwa. Nilikuwa nimesahau."

Sijui kama kweli alikuwa amesahau. Nilifunga kwa uzi, vidole vinanicheza, na furaha yangu ilikuwa kubwa hata nikajichoma sindano mara mbili.

Siku ya sikukuu watu walijaa mpaka madirishani. Mzungu wa teritware, mkuu wa wilaya, alikuja, akasema kioo cha mto ni kizuri, akaenda kula. Watu wetu hawakuondoka. Habari ilikuwa imepanda milima, na wazee walikuwa wameshuka kutoka Miti, kutoka Kabare, wawili hata kutoka Bunyakiri, watu wasio na medali, wenye makoti ya kuazima. Walizunguka meza. Niliwasikia wakibishana nani ni yupi. Mmoja aliweka kidole karibu na gurudumu, bila kuligusa, akaniambia, "Miye iko huyu wa nyuma. Wa nyuma njo anaumiaka sana." Nilimwambia kweli, ni wewe. Nilikuwa tayari kuwaambia wote hivyo.

Baba alikaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango.

Mwisho wa ibada fupi, padri alimpa Kaporali nafasi. Kila mwaka ilikuwa ni amri moja. Kaporali alijinyoosha, akapiga sauti yake ile: "Wenye walienda Tabora, mbele!"

Wenye medali wakaenda, wakapanga mstari mbele ya meza kama walivyozoea. Walikuwa kumi na mmoja. Wengine wote wakabaki wamekaa, na baba akatazama chini. Niliumwa na hasira, nikawa tayari kusimama na kusema jambo la kunifukuzisha parokiani.

Kaporali hakugeuka kuwapa maaskari wake mkono. Alibaki anatazama mabenchi ya nyuma.

"Nimesema wenye walienda Tabora," akarudia, taratibu. "Bote."

Baba akainuka. Alivaa kofia, akaivua tena, akaanza kutembea katikati ya ukumbi, amenyooka, fimbo mkononi. Nyuma yake benchi likalia, akainuka yule wa gurudumu. Halafu mwingine, halafu wawili wa Bunyakiri wakiwa wameshikana mkono. Nilianza kuwahesabu, nikashindwa kwa machozi na kwa vigelegele vyangu mwenyewe. Walikuwa wengi kuliko maaskari mara tatu, na mbele hapakutosha. Kaporali alitoa amri, na wenye medali wakarudi nyuma hatua mbili ili wapagazi wapate mahali pa kusimama.