Masikio ya Baba

Nisameheni, nimechelewa kuwaandikia. Baba amefariki, na leo nimeshindwa kumchora.

Mnajua kazi yangu ni katuni. Masikio ya Baba nimeyakuza magazetini mara nyingi, na yeye alikuwa akicheka kuliko wasomaji.

Sasa kule nyumbani Mwika hatuna picha yake hata moja ya kuweka juu ya jeneza.

Baba mdogo akasema, "Mchoraji si tunaye? Ila usituletee vichekesho vyako, mwanangu."

Basi nikakaa jikoni, mtoto mgongoni, nikachora uso wa heshima. Masikio nikayapunguza.

Nikampelekea Mama. Akautazama sana.

"Huyu ni nani?"

"Ni Baba."

"Huyu ni karani wa benki. Mrudishie mume wangu masikio yake."

Kina mama waliokuwa wakimenya ndizi wakacheka. Halafu tukalia wote.

Nikachora tena, na masikio yake. Baba mdogo akakataa, msibani hapachekwi. Mama naye hataki ule wa kwanza. Na kesho tunamzika kihambani, kwenye shamba letu la ukoo.

Ndiyo maana nimeshuka Moshi mjini, niko hapa intaneti kafe. Mliopiga picha kwenye harusi yangu, tafadhali tafuteni.

Nitumieni leo, kabla hawajafunga: picha moja ya Baba, hata kama amesimama nyuma ya watu. Iwe ambayo amevua kofia.

Na msiikate pembeni. Nayataka masikio yote mawili.