Nilichora Vicheko Kwenye Sanda ya Bibi

Mkimaliza kusoma, mnitemee mate, nimestahili. Mimi mwenyewe nikijitazama kwenye kioo natamani kujitemea.

Nilikuwa najifunza cherehani kwa Mzee Ramadhani, Biryogo, hapa Kigali, lakini ndoto yangu ilikuwa uchoraji. Ikaja homa ya uti wa mgongo, inayoambukiza kwa pumzi, tukaambiwa kila mtu afunge kitambaa mdomoni na puani. Watoto wakawa wanalia wakiona mama zao hawana midomo. Moyo uliniuma! Nikakata vitambaa vyeupe, nikachora juu yake midomo inayocheka: mmoja una pengo, mwingine unang'ata muwa. Watoto wakacheka, mtaa mzima ukavitaka. Hata madereva wa stendi ya Nyabugogo walipanda mlima kuniulizia. Nikajiona msanii hasa!

Kitambaa cheupe kikaisha mjini kote. Juu ya kabati la Mzee kulikuwa na bunda la Bibi Mwamvua, jirani yetu. Ilikuwa sanda yake. Marehemu mumewe alimletea kutoka Makka, imechovywa maji ya Zamzam, naye akaiweka kwetu kwa kuwa kwake panya hawaishi.

Msidhani sikujua! Mzee alishaniambia ile ni amana, isiguswe. Lakini Bibi alikuwa mzima, kila asubuhi ananitania: "Sha, mwanangu, nichoree na mimi meno, yangu yameisha." Nikasema moyoni, lori la vitambaa kutoka Mombasa likifika nitarudisha nyingine. Nyeupe si nyeupe tu?

Nikakata. Tena wa kwanza kumchorea meno alikuwa yeye. Akakivaa kitambaa, akanishukuru. Loo, roho yangu chafu!

Lori halijafika, Bibi akaugua ghafla, akafa. Binti yake, dada Zaina, akaja kuchukua sanda. Mzee akashusha bunda, ndani vipande vya pembeni tu. Akanitazama, akakaa chini.

Zaina hakupiga kelele. Aliniangalia usoni, kile kicheko nilichokivaa mdomoni.

"Vua huo mdomo," akasema.

Nilikimbia nyumba hadi nyumba kuvikusanya, nikidhani nitavifua niviunganishe. Mama wee, uchafu ule! Mate yaliyokauka, makamasi, ugoro, harufu ya pombe ya ndizi. Nikasugua mpaka vidole vikachubuka, rangi haikutoka. Beseni zima la midomo linanichekea. Nikaviacha pale pale uani.

Bibi akazikwa kwa shuka za kitanda cha binti yake. Na wale ambao sikuwafikia walikuja makaburini na vitambaa vyao, hawakuwa na vingine. Wakasimama wanalia, meno yangu yamewajaa usoni.

Tangu siku hiyo sijashika brashi.

Ninyi mnaopenda kufurahisha watu, kabla ya kukata, ulizeni kitambaa ni cha nani. Na msijidanganye kwamba kuuliza kunatosha. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Nilijua, nikakata.