Robota Lililonuka Maji

Mimi niliyeanza na baiskeli moja na leo nina malori matatu, sikudhani pamba inaweza kunishangaza tena. Mwezi uliopita nilinusa robota nililotaka kununua kule Mwandoya, nikamkumbuka mayu, mama yangu.

Nilipokuwa kijana, wanunuzi binafsi ndio kwanza walikuwa wameanza kufika kijijini, na pamba tuliyolima ilikuwa chakula chetu cha mwaka. Siku lori la mnunuzi mmoja lilipokuja, mchana nililinyunyizia robota letu maji kwa siri, lizidi uzito. Mayu akapiga magoti kuliombea kama kawaida yake, uso umelalia pamba. Akainuka, akaniambia:

"Moyo wangu umekataa. Fungua, ng'wanone, mwanangu, tuanike."

"Mama, lori linaondoka!" mnunuzi akacheka. "Au Mungu wako ndiye atakayenunua?"

"Likiondoka tutangoja naye, baba."

Nilifungua robota, nikiamini Mungu amenichongea. Tulikula ugali kwa mlenda mpaka lori jingine lilipokuja.

Siku hizi najua pamba yenye maji hunuka; huenda alinusa tu. Lakini aliyemwinamisha mayu pale ni nani?

Kule Mwandoya nami niliomba, moyo ukakataa. Nikasema, mtu kama mimi afundishwe biashara? Nikanunua mzigo wote. Pamba ikaozea ghalani. Nimechoka, jamani. Shilingi milioni mbili, laki nne na elfu sitini zimepotea.