Ng'ombe na Skrini ya Bluu

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa kompyuta, Kimihurura, nikisubiri simu yangu itengenezwe. Akaingia binti na mama yake, kutoka Batsinda. Binti alikumbatia laptop nene ya gemu. Alasiri hiyo angeonyesha chuoni gemu aliyoitengeneza mwenyewe.

"Kila nikiifungua, skrini inakuwa bluu, inazima," alisema, karibu kulia. "Nimeweka programu upya, bado inarudia."

Fundi akafungua kifuniko cha chini, akachomoa kadi moja kati ya mbili za memori, akawasha. Bluu. Akairudisha, akachomoa ya pili. Safari hii gemu ilifunguka: ng'ombe mwenye pembe ndefu alitokea kwenye skrini, akapanda kilima mpaka juu. Tulisubiri. Haikuzima.

"Hii moja ndiyo iko mgonjwa," fundi alisema. "Bila yeye itaenda polepole, lakini itafika."

Mama, aliyekuwa amekunja mikono muda wote, akaisogelea skrini.

"Huyu anakamuliwa wapi?"

"Sijafika hapo, mama."

"Basi sikiliza. Kwanza unamwachia ndama anyonye."

Nasikia watengeneza gemu hutafuta washauri ng'ambo. Binti huyu aliondoka na wake, mama akimwonyesha kwa mikono ndama anasimama upande gani.