Ufagio wa Roswitha Kwenye Ramani

"Nyumba yangu haitiwi ukungu kwenye ramani!" Gerlinde alisema, akaisukuma tableti yangu mpaka ikagonga sahani ya keki. "Mtaa mzima uonekane, yangu peke yake iwe wingu? Watu watasema Gerlinde Häfele ana uchafu gani wa kuficha."

"Una mtoto wa kuficha," nikamwambia.

"Polepole, Walburga! Dirisha liko wazi."

"Dirisha! Dunia nzima inamwona, wewe unaogopa dirisha."

Mimi herufi hunikimbia tangu nilipopelekwa kuchunga mbuzi wenzangu wakienda shule, lakini picha nazisoma. Jioni huingia kwenye ramani ya mtandaoni yenye picha za mitaa, nikazurura mitaa ya watu bila viatu, nikikagua nguo walizoanika. Jana nilijipitisha mtaa wetu wenyewe, nikamkuta Roswitha, binti wa Gerlinde, mlangoni na ufagio. Uso mashine ilikuwa imeufuta. Lakini koti la kijani lilionekana, na mkono wa kushoto juu ya mpini, na mguu uliopinda kwa ndani. Hata mbuzi wangu angemtambua.

Mguu huo aliuvunja mumewe, Detlef. Roswitha alimkimbia wakati wa baridi, akaja kwa mama yake. Detlef mji wetu anaujua, nyumba haijui, maana Gerlinde alihamia nyumba hii baada ya kufiwa na mume. Na alivyomficha mtoto, jamani! Mkate alinunua wa mtu mmoja. Birika alilifunika taulo, eti majirani wasinuse kahawa ya watu wawili. Hata mimi, ninayejua kuku wa nani katagia wapi, sikugundua kitu mpaka picha ile.

Kisha kikaja kibao. Hapa kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, kibao cha zamu ya kufagia hutoka mlango hadi mlango, na kikining'inia kwako, wiki hiyo njia ya mbele ni yako, uwe mgonjwa, uwe maiti. Mume wangu alikufa kikiwa kwetu. Naapa aliinuka kwenye jeneza kuuliza kama nimefagia. Goti la Gerlinde lilikuwa limevimba. Mwanamke aliyeweza kuficha harufu ya kahawa hakuweza kuvumilia majani mawili mlangoni. Akamtoa Roswitha afagie. Na siku hiyohiyo likapita lile gari lenye kamera kichwani, kama korongo aliyemeza darubini.

"Basi mwambie Roswitha mwenyewe kwamba picha ipo," nikasema.

"Nikimwambia atakimbia tena. Ndiyo kwanza ameanza kulala usingizi! Na nani kasema Detlef anatazama ramani?"

"Mwanamume aliyekimbiwa na mke ana kazi gani nyingine? Mimi natafuta chupi za watu tu, na mji mzima naumaliza kwa jioni moja. Yeye anatafuta koti alilonunua mwenyewe."

Gerlinde akakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

"Haya," akasema mwishowe. "Tuwaombe wenye ramani waitie ukungu. Nyumba yote."

"Na koti ulichome. Kwani mwenyewe yuko wapi?"

Akaliangalia goti lake.

"Gerlinde, shoga yangu. Roswitha yuko wapi?"

"Wiki hii kibao kimerudi kwetu."

Hapo ndipo nikausikia ufagio nje, shwaa, shwaa. Mimi nilikuwa nimepitia bustanini, sikumwona. Shwaa. Kisha kimya.

"Anazoa taka," Gerlinde akanong'ona.

"Hajamaliza, atazoaje?"

Mlango ukafunguka. Roswitha aliingia na koti lake la kijani, mikono mitupu.

"Mama. Shangazi Walburga. Kuna gari limesimama ng'ambo ya barabara. Dereva anatazama simu, anatazama nyumba yetu, anatazama simu. Kioo kinameta, naona kichwa tu, uso wake siuoni."

Nikavuta kitambaa cha meza juu ya tableti. Gerlinde akainuka na goti lake, akatia komeo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza kama njia imefagiwa.