Kinyozi Asinyoe Mtoto Asiyekuja na Mtu Wake

"Babu Anatoli, kichwa changu, nywele zangu, mbona huninyoi mpaka mama aje?"

Yasmini alikuwa darasa la pili mwaka huo wa 1998, amesimama mlangoni kwa kinyozi pale Gungu, mikono kiunoni. Mzee Anatoli hakukasirika. Alikung'uta kitambaa, akanyoosha kidole kwenye ubao wa mtaa ng'ambo ya barabara.

"Imeandikwa. Kamlete mama."

Kweli iliandikwa. Ubao ule ulikuwa na amri za ajabu ajabu, na watoto walizisoma kwa raha kuliko vitabu vya shule. Bata wasizurure siku ya Ijumaa. Kitanda kisipitishwe barabarani kikiwa kimefunikwa shuka. Kinyozi asinyoe mtoto asiyekuja na mtu wake.

Mbili za kwanza Yasmini alizipatia sababu kwa kuulizauliza. Bata wa mama Veneranda aliwahi kuwaongoza wenzake wanane hadi safu ya mbele msikitini, hotuba ikaishia kwenye kicheko. Tena kuna fundi aliyehama na kitanda chake, godoro kalifunika shuka lisiingie vumbi. Kufika mtaa wa Rusimbi akageuka, akakuta wanawake thelathini wanamfuata wakilia, na hakuna aliyejua marehemu ni nani. Lakini ile ya tatu, kila mtu alisema, "Muulize kinyozi, yeye ndiye aliyeiomba." Na kinyozi akiulizwa, jibu lake lile lile: imeandikwa.

Yasmini akakua, akaingia kidato cha tatu. Kijana mmoja, Nickson, akafungua saluni jirani, ana mashine ya umeme na redio, akawa ananyoa mtoto yeyote aliyeweza kupanda kwenye kiti. Wateja wakahamia huko. Mzee akabaki na mkasi wake na wazee wenzake.

"Mzee, hao ulionao wana vipara, nywele haziwaoti tena!" Nickson alimtania.

"Na wewe kipara chako nitakiwahi," mzee akajibu. Lakini mtoto asiye na mtu wake hakumgusa.

Ndipo akaja mwenyekiti mpya wa mtaa, Bwana Oswald, mwalimu mstaafu. Akaitisha mkutano. Amri isiyo na sababu, alisema, inafutwa leo leo. Ya bata ikapona, ya kitanda ikapona, watu wakicheka mpaka machozi. Ikafika ya kinyozi.

"Mzee Anatoli, tupe sababu."

"Ibaki tu."

"'Ibaki tu' si sababu, mzee wangu. Useme, au nafuta."

Nickson akapiga makofi. Yasmini, aliyekaa benchi moja na mzee, aliona mikono yake ikishikana, kidole gumba kikisugua kingine. Bwana Oswald alikwishachovya brashi kwenye rangi nyeupe.

"Babu," Yasmini alinong'ona, "waambie."

Mzee hakusimama. Aliongea akimtazama yeye, kama vile mkutano haupo.

"Mwaka tisini na sita, mitumbwi ilipokuwa inatoka Burundi, watoto waliopotezana na watu wao waliwekwa kwenye ghala moja kule chini ziwani. Wadogo, kusema hawajui. Chawa wamejaa. Wasimamizi wakaniita. Nikawanyoa wote asubuhi moja, ishirini na sita, nikasifiwa sana. Mchana akaja bibi mmoja. Binti yake amezama njiani, amebakiwa na mjukuu tu. Macho yake hayaoni. Akasema, mjukuu wangu namjua, ana kishungi upande wa kushoto, nilikisuka mwenyewe. Akaanza kupapasa vichwa. Cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho. Akarudia. Vyote laini kama mayai. Walikuwa na njaa wale watoto, kila aliyemshika alimng'ang'ania. Mwishoni akamshika mmoja, akageuka kule aliposikia nikikusanya mkasi na wembe wangu. Akaniuliza, 'Kinyozi, wewe uliyemnyoa, ndiye huyu?' Mimi sikukumbuka kishungi cha yeyote. Na gari la kuwapeleka kambini linapiga honi nje. Nikamwambia kwa Kirundi chake, 'Ego, mama. Ndiye.'"