Leso ya Mtu Asiyefunga Goli

Mume wangu alikuwa mfungaji na mimi nilikuwa mwenye leso. Hivyo ndivyo watu wa Voi walivyotujua miaka ile ya hamsini. Jumapili, watu wakishatoka kanisani, mpira ulichezwa ng'ambo ya reli, kwenye kiwanja cha vumbi jekundu ambacho milingoti yake ya goli ilikuwa miti ya mkonge iliyofungwa kamba juu. Mama yangu alikuwa mtu wa pwani, na kwao anayecheza ngoma vizuri hutuzwa: unamvisha leso, wengine huita kanga, mabegani mbele ya watu, vigelegele vinapigwa. Mimi nikaipeleka desturi hiyo mpirani. Mechi ikiisha niliingia kiwanjani, na mume wangu alikuwa ameshainamisha mabega kabla sijamfikia. Wanawake wenzangu walinicheka mwanzoni, kisha wakaanza kuja na leso zao.

Usidhani kila wiki nilinunua mpya. Mume wangu alikuwa akifunga na kufungua mabehewa pale stesheni, na mshahara wa reli haukuwa wa kuchezea. Leso ya kumtuzia ilikuwa ile ile, inafuliwa Jumatatu na kurudi kazini Jumapili. Mpya ilikuwa ya mechi kubwa.

Katika timu ya mume wangu kulikuwa na Mtaliano mmoja. Alikuja Kenya akiwa mateka wa vita, akatengeneza barabara pamoja na mateka wenzake, na walipofunguliwa wengine wakarudi kwao yeye akabaki. Alikuwa fundi wa mashine katika shamba la mkonge nje ya mji. Wazungu wengine hawakumhesabu sana kuwa mwenzao, nasi hatukujua tumhesabu vipi, kwa hiyo tulimwita bwana fundi tu. Jioni akipita kwetu alikaa kibarazani na mume wangu, anakunywa chai yangu ya tangawizi, anafuta jasho, anaomba nyingine.

Siku moja alitoa picha mfukoni: wanaume kumi na mmoja wenye fulana za mistari, nywele zimelazwa kwa mafuta. Akatuonyesha kijana mwembamba pembeni, akasema ni yeye. Huko kwao alikuwa analipwa kucheza mpira. Alianzia timu ya kiwanda cha baiskeli, kisha timu ya mji ikamnunua, akacheza misimu kadhaa katika mji wa ukungu ambao watu wake walikuja kiwanjani na makoti mazito. Mume wangu alishangaa kwamba mtu hulipwa kwa kucheza. Mimi sikushangaa, maana wapiga ngoma wa pwani walilipwa. Nilichotaka kujua ni kingine.

"Bwana fundi, ulifunga magoli mangapi miaka hiyo yote?"

Alifikiri kidogo. "Moja, mama. Na hiyo ilipiga mimi mgongo, ikaingia."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Mume wangu alicheka zaidi ya wote, na tangu siku ile hakuacha kumtania. Mtu mzima, amelipwa miaka, goli moja la mgongo. Mtaliano naye alicheka. Alisema yeye alicheza katikati, na mtu wa katikati kazi yake ni kuwapa wengine. Siku hizi mnamwita kiungo. Sisi tulimwita hafu, na hatukumwita mara nyingi.

Jumapili iliyofuata niliamua kumtazama yeye peke yake, nione mtu asiyefunga anafanya nini saa nzima na nusu. Nilifanya kwa ubishi tu. Kumtazama mtu mmoja wakati mpira uko kwa mwingine ni kazi, macho yanataka kukimbia. Lakini niliona kwamba kabla hajapewa mpira alikuwa ameshageuza kichwa huku na huku, na ukimfikia haukukaa. Hakukimbia sana, goti lake la kulia lilikuwa bovu. Mume wangu alipofunga siku hiyo, watu wote walimwona mume wangu. Mimi nilimwona yule aliyekuwa nyuma, ameshageuka na kurudi mahali pake polepole kabla mpira haujavuka mstari.

Mimi kwenye harusi nilikuwa mpakuaji. Sufuria la pilau likishuka motoni niliitwa mimi, kwa sababu mpakuaji mbaya huwaacha wageni na njaa na sufuria bado limejaa. Unaangalia nani amekaa wapi, nani ana watoto, nani ana haya ya kuomba, na nyama unaigawa hivyo. Harusi ikiisha watu wanamsifu mpishi na mwenye harusi. Kwa hiyo nilimfahamu yule mtu, na niliona haya kwa kicheko changu cha kibarazani.

Goti liliendelea kuharibika. Nilikuwa nachemsha maji ya chumvi, mume wangu anamkanda kwa kitambaa, naye anauma midomo. Jioni moja alisema mechi na timu ya Taveta itakuwa ya mwisho kwake. Mume wangu akamwambia acha utani, lakini yeye hakuwa akitania. Alitueleza kwamba huko kwao hakupata mechi ya mwisho. Aliitwa vitani siku ya kazi tu, fulana yake ikabaki kwenye msumari chumba cha kubadilishia nguo, na mtu wao alipokwenda baadaye kuiulizia, uwanja ulikuwa umepigwa mabomu.

"Mimi hapana aga," alisema. "Miaka yote, hapana aga."

Hakusema anataka nini. Lakini nilikuwa naye pale kibarazani, nikaona alivyolishika lile goti, na nilijua kwamba mtu huyu akitoka kiwanjani Jumapili ile bila yeyote kumwangalia, itakuwa mara ya pili. Jambo hilo lilinikaa moyoni wiki nzima. Nikaenda dukani nikanunua leso mpya, jozi nzima, nyekundu na nyeupe.

Watu wa Taveta walikuja na gari la moshi wakiwa na mikungu ya ndizi ya kuuza, na nusu ya mji ilikuwa kiwanjani. Ilikuwa mechi ngumu. Karibu na mwisho Mtaliano alipewa mpira, akausimamisha, na badala ya kuupeleka mbele kwa mume wangu aliyekuwa anapiga makelele, akangoja. Watu wakazomea. Beki wa Taveta alipomfuata yeye ndipo akautia pale alipotoka yule beki, na mume wangu akabaki peke yake na kipa. Goli. Mechi ikaisha hivyo.

Niliingia na leso moja mkononi, ya pili nimeiacha nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshainama. Nikampita. Nilimsikia akisema, "Mama watoto, niko hapa," lakini nilikwenda mpaka katikati ya kiwanja, nikamvisha Mtaliano.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mzungu wa stesheni aliinuka kwenye kiti chake aone vizuri. Mtaliano alishika ncha za leso kwa mikono miwili, akanitazama, akatazama watu waliokuwa kimya, kisha akamtazama mume wangu, bado yuko pale pale, mabega chini. Akachechemea mpaka kwake, akaivua ile leso na kumvisha yeye. Hapo uwanja wote ukalipuka, vigelegele mpaka stesheni. Hata leso aliitoa pasi.

Nilikasirika mpaka nikalia. Njiani mume wangu alitembea na leso yake mabegani akipokea salamu za watu, akidhani nimefanya mzaha na mzaha umeisha vizuri. Nilipakua chakula nikamsukumia sahani. Mwishowe akauliza nina nini.

"Ile haikuwa yako."

"Nani alifunga?"

"Wewe ulifunga. Na ungefunga nini kama angekupa ulipokuwa unapiga makelele?"

Akaacha kula, akakaa akitazama sahani, na nadhani alikuwa anaicheza ile mechi upya, mara hii akimwona beki. Mume wangu alikuwa na majivuno lakini mpumbavu hakuwa.

Kesho yake baada ya kazi aliazima baiskeli, akaikunja leso vizuri akaifunga nyuma, akaenda shamba la mkonge. Alirudi bila leso. Nilimuuliza Mtaliano alisema nini.

"Nilimwambia nimekuja kukuaga, bwana, sisi sote tunakuaga. Nikamvisha. Alikaa juu ya debe la mafuta ya mashine akalia. Vibarua wakaacha kazi wakaja kuangalia."

"Na wewe?"

"Nilisimama tu. Ningefanya nini?"

Mtaliano hakucheza tena. Alikuja Jumapili akakaa nasi wanawake pembeni, na wenzangu wakamzoea. Nafasi yake ya katikati alipewa kijana wa Kikamba wa karakana ya reli, mtu wa haya, ambaye alikuwa akitoa mpira na kuangalia chini.

Wiki chache baadaye mume wangu alifunga goli kutokana na pasi ya huyo kijana. Niliingia na ile leso iliyobaki, nikampata ameinama kama kawaida yake, nikamvisha. Hakuinuka. Aligeuza kichwa akatazama katikati ya kiwanja, kisha akanitazama mimi.

"Na ya yule?"

Sikuwa na nyingine ila niliyojifunga kiunoni. Nikaifungua pale pale mbele ya watu wa Voi, nikabaki na gauni, nikaenda kumvisha kijana wa watu.